Koti la Mandazi

Napenda farasi. Haya, nimesema. Kwa mtu mwingine hilo si jambo la kufungulia insha, lakini mimi nimelikana kwa muda mrefu kiasi kwamba marafiki zangu wanaijua chuki yangu ya farasi kama wanavyojua kuwa sitii sukari kwenye chai. Askari wa farasi wakipita mjini, mimi huvuka barabara. Shoga yangu Wambui, Mkenya anayefanya kazi kwenye ofisi moja ya kompyuta kule Kista, hapa Sweden, aliwahi kunialika twende kwenye mbio za farasi, kampuni yao imelipia viti na chakula. Nikamjibu kwa hotuba nzima juu ya matajiri, damu safi na jasho la wengine. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana Wambui amelelewa vizuri.

"Sawa dada," akasema. "Ungesema tu una mafua."

Sikuwa na mafua. Niliogopa tu kwamba farasi wa kwanza akiingia uwanjani nitalia mbele ya mainjinia.

Baba alifariki mwezi wa pili, wakati theluji ya Norsborg, mtaani kwake, imeshakuwa na rangi ya majivu na kila mtu amechoka kuisifia. Baada ya mazishi nilikwenda na binti yangu Neema kusafisha nyumba yake, na mwisho tukashuka chini ya jengo, ambako kila mpangaji ana kijichumba chake cha wavu wa kuwekea baiskeli, matairi ya baridi na vitu ambavyo mtu hawezi kuvitumia wala kuvitupa. Ndani ya sufuria kubwa ya pilau, ile iliyotoka kwa sherehe tu, kulikuwa na mfuko wa plastiki. Nilipoufungua, harufu ilinifikia kabla macho hayajazoea giza: ngozi kuukuu, mafuta, na lami ya mti ambayo watu wa huku huipaka kwenye kwato za farasi. Ilikuwa hatamu ndogo, ya kuvishwa kichwani, ambayo kichwa cha mtu mzima kisingepita.

"Ya mbwa?" Neema akauliza. Mimi humsemesha Kiswahili naye hunijibu Kiswidi, na kila mmoja anaamini mwenziwe ndiye mkaidi.

"Ya farasi," nikasema. "Ya mtoto wa farasi."

"Si unawachukia?"

Nikakaa juu ya tairi. Hatamu ile haikupaswa kuwa pale. Kwa jinsi nilivyoambiwa, iliondoka na mwenyewe.

Nilipokuwa mdogo, baba alifanya kazi kwenye shamba la kuzalisha farasi wa mbio, mwendo wa basi kutoka mwisho wa reli, pembeni ya ziwa. Waswidi huliita stuteri. Sisi nyumbani tulisema "kwa farasi," kama wengine wanavyosema "kwa shangazi." Baba alikuwa ametoka Singida kuja kusoma mambo ya mifugo, masomo yakaisha, yeye akabaki, na vyeti vyake vikawa vitu vya kuonyeshwa wageni. Kule shambani alikuwa mtu wa msimu. Aliitwa majike yalipokaribia kuzaa na kuagwa watoto wa farasi walipoanza kula majani. Katikati ya hapo alikaa dirishani akiangalia watu wanaotoka kazini. Mama, aliyekuwa akifanya usafi katika hospitali, hakusema kitu. Alikuwa na namna yake ya kuweka sahani mezani iliyotosha.

Siku za Jumamosi baba alinichukua. Mwenye shamba, Bi Birgitta, alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya kukwaruza, aliyevaa viatu vya mpira hata akipokea wageni wa Kiingereza. Aliweka kopo la biskuti za tangawizi kwenye chumba cha matandiko na aliniruhusu kuchukua moja nikifika na moja nikiondoka. Hakuwahi kunipapasa nywele, jambo ambalo kwa Sweden ya enzi zile lilikuwa heshima kubwa.

Nilifundishwa nasaba kabla ya kufundishwa jedwali la kuzidisha. Farasi wa mbio hawi wa mbio kwa kuwa na mbio. Huwa wa mbio kwa kuwa baba yake anajulikana, na babu, na baba wa babu, mpaka nyuma huko ambako wazee wetu wenyewe hatuwajui hata kwa jina. Dume na jike lazima wakutane ana kwa ana, hakuna mkato wa mbegu za chupa wala sindano, na mashahidi wakiwepo. Kwa hiyo majike ya Bi Birgitta yalisafirishwa kwa meli mpaka Ireland kwenda kuolewa, kama baba alivyosema, huku yeye mwenyewe hajaweza kurudi Singida hata kumzika mama yake.

Jambo lililonishangaza zaidi lilikuwa siku ya kuzaliwa. Kila farasi wa damu safi, hata akizaliwa mwezi wa tano, huhesabiwa kutimiza mwaka tarehe mosi Januari. Sasa, katika jengo letu Mama Espérance, Mrundi wa ghorofa ya chini, alizaliwa tarehe mosi Januari. Mumewe vilevile. Na yule mzee wa Kikongo aliyetengeneza redio. Hawakujua siku zao, ofisi ya wakimbizi ikawapa ile. Mimi hilo sikulijua. Nilihitimisha, kwa akili zangu zote, kwamba hao ni watu wa damu safi, na kwamba sisi, ambao mama alikumbuka vizuri Alhamisi niliyozaliwa na mvua iliyonyesha, tulikuwa watu wa kawaida tu. Kwa muda mrefu nilimwamkia Mama Espérance kwa kuinama kidogo. Alimwambia mama nina adabu isiyo ya Ulaya.

Palikuwa na jike mmoja asiye na nasaba. Aliitwa Stina, mnene, miguu yenye manyoya kama amevaa soksi za sufu, wa kukokota magogo. Mwaka mmoja farasi wa jirani aliruka uzio, na Stina akazaa bila ruhusa ya mtu, mapema, barafu ikiwa bado ziwani. Mtoto alikuwa jike, manyoya mengi, rangi ya andazi linalotolewa kwenye mafuta. Bi Birgitta alimtazama kama mtu anayetazama bili ya jirani iliyoletwa kwake. Halafu akamwambia baba kitu kwa Kiswidi, baba akacheka, akanigeukia.

"Amesema huyu ni wako, mama." Baba aliniita mama, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake.

"Wangu kabisa?"

"Kabisa. Mpe jina."

Nikampa jina la Mandazi. Bi Birgitta alilitamka Mandassi, kwa heshima zote, na jina likaandikwa kwa chaki juu ya mlango wa banda, chini ya la Stina. Baba alinunua hatamu ndogo ya ngozi, akanionyesha namna ya kumvisha: usimjie kwa mbele, simama begani, mwache akunuse kwanza. Mandazi alininusa masikio yote mawili kisha akapiga chafya usoni mwangu. Sijawahi kukubaliwa hivyo tena, na nimeolewa mara mbili.

Norsborg hawakuniamini. Espérance, binti wa Mama Espérance, alikuwa mkubwa kunishinda, na makoti yake yalipombana yalishuka kwangu.

"Wee mwongo," alisema mbele ya watoto wa uwanja mzima. "Farasi yako iko wapi? Imepanda lifti?"

"Yuko kwa farasi."

"Na mimi niko na tembo. Iko kwa tembo."

Watoto walicheka hadi wakakaa chini. Mimi nilisimama ndani ya koti lake Espérance, mikono imenipita vidole, nikaapa kwamba majani yakiota nitamleta Mandazi mpaka pale uwanjani, kwa kamba, awaone wote.

Kisha Malkia akafa. Malkia si jina lake la vitabuni, lile la vitabuni lilikuwa refu na la Kiingereza. Ni baba aliyemwita hivyo. Alikuwa jike bora la shamba, aliyerudi kutoka Ireland na mimba ambayo Bi Birgitta aliizungumzia kwa kunong'ona. Alizaa dume, miguu mirefu kama ngazi, na kabla ya siku kuisha akaanguka, hakuinuka. Najua hayo kwa kumsikia baba akimsimulia mama jikoni. Mtoto yu hai, alisema, lakini hana mama, na mtoto wa farasi aliyelelewa kwa chupa huwa na akili ya mtu, hafai. Wamempeleka kwa Stina, Stina ana maziwa ya kulisha kijiji. Kamrushia teke. Stina ana mwanawe, wa nini tena huyu?

"Watafanyaje?" mama akauliza.

Baba akasema, "Ipo njia," kisha akaniona mlangoni, akaanza kuzungumzia chumvi ya mchuzi.

Jumamosi nilipofika nilikimbia moja kwa moja bandani. Stina alikuwepo. Chini ya tumbo lake alisimama mtoto wa Malkia, miguu myeusi imetanuka, ananyonya kwa kelele. Na mgongoni alikuwa amevaa Mandazi. Sina namna nyingine ya kusema. Manyoya yale yale ya rangi ya andazi yalimfunika kutoka shingoni mpaka mkiani, yamefungwa kwa kamba chini ya kifua na tumbo, na yalimpwaya. Stina alikuwa akiyanusa na kuyalamba, akitoa ile sauti ya chini ya puani ambayo farasi humwambia mwanawe tu.

"Mandazi yuko wapi?"

Baba alikuwa ananawa mikono kwenye ndoo. Aliendelea kunawa.

"Mandazi amekwenda shule, mama. Shule ya kupanda farasi, huko Skåne, kusini. Atafundisha watoto."

"Mbona huyu amevaa koti lake?"

Alinitazama. Nadhani jibu nilimkabidhi mimi mwenyewe. "Amemwazima," akasema. "Huyu hana mama, anasikia baridi. Mandazi kamwachia."

"Na yeye je?"

"Skåne kuna joto."

Naomba msomaji asinicheke haraka. Nililelewa kwenye jengo ambalo makoti yalitembea. La kwangu lilikuwa la Espérance, la Espérance lilikuwa la binamu yake aliye Fisksätra, na hakuna aliyeuliza mwenyewe yuko wapi. Kuvua koti ukampa mdogo wako lilikuwa jambo la kwanza tulilofundishwa. Nilimwonea Mandazi fahari. Niliuliza swali moja tu la mwisho.

"Na hatamu yake?"

"Kaondoka nayo," baba akasema.

Siku zile zile koti likavuliwa, kwani mtoto wa Malkia alishanukia maziwa ya Stina na hakulihitaji tena. Kabla majani hayajaota, baba akapata kazi ya kudumu. Mama alipiga vigelegele mpaka Mama Espérance akapanda ngazi kuuliza kuna harusi ya nani. Ile sufuria kubwa ikatolewa, pilau ikapikwa, yule mzee wa Kikongo akatoa risala ya Kifaransa ambayo hakuna aliyeielewa na wote tuliipigia makofi. "Sasa tumekuwa watu," mama alisema. Nikanunuliwa koti jipya, jekundu, la dukani, la kwangu tangu kiwandani. Nilipita nalo uwanjani mbele ya Espérance.

"Na farasi?" akauliza.

"Yuko shule."

"Ahaa. Darasa la ngapi?"

Katika chuo kikuu niliketi mezani na vijana waliosomea udaktari wa wanyama, nikawasimulia kisa cha koti kama kichekesho. Mimi ni mtu wa kuchekesha mezani, ndicho kipaji nilicho nacho. Hakucheka mtu. Msichana mmoja aliweka uma chini, akaniambia taratibu lile koti lilikuwa nini, na kwa nini jike hudanganyika. Nikasema kwa kweli nilikuwa najua. Nikasema hata hivyo siwapendi farasi. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Baada ya hapo nilifanya linalofanywa na msomi aliyeumia: niliandika. Insha yangu ya kwanza iliyonipatia jina ilimhusu tajiri wa kando ya ziwa aliyemchuna farasi wa mtoto maskini ili kuokoa damu yenye bei. Ilikuwa na maneno kama "unyonyaji," ambayo nilidhani ni ya kijanja kwa vile kulikuwa na maziwa ndani yake. Baba sikumweka kabisa, isipokuwa kama mtu aliyesimama pembeni akinawa mikono kwa amri ya wengine. Nilipowasomea watu maktabani, alikaa mstari wa mbele na suti yake. Alipiga makofi kuliko wote.

"Umeandika vizuri, mama," aliniambia tukitoka. Akatembea kidogo. "Ila usimpelekee yule bibi. Ni mzee sasa."

Nikaona ni ungwana wake. Nilimpenda zaidi kwa hilo.

Na sasa hatamu ilikuwa mikononi mwangu, na Neema ananitazama nilivyokaa juu ya tairi. Mtu aliyesimama pembeni kwa amri ya wengine hapati kitu cha kuficha kwenye sufuria. Nilipofika kwangu niliipaka mafuta, sijui kwa nini, ngozi ilikuwa imekauka. Nilikaa nayo wiki nzima. Kumtafuta Bi Birgitta hakukuwa kazi. Watu wa farasi huishi sana na wanajuana. Yuko nyumba ya wazee, upande ule ule wa ziwa. Nilimpigia simu; sauti yake bado inakwaruza. Nilimwambia baba amefariki, akasema alikuwa mtu bora kuliko wote aliopata kuwaajiri. Nikamwambia nimekuta hatamu.

"Ya Mandassi," akasema papo hapo.

"Alikufa vipi?"

"Hakukuambia?" Nikamsikia akihamishia simu sikio la pili. "Mimi nilitaka tumlee Mandassi kwa ndoo ya maziwa, kando, Stina anyonyeshe yule mwingine. Tulijaribu. Stina alimsikia mwanawe analia banda la pili, akavunja mbao. Nikakata tamaa. Baba yako akaniambia kwao wanajua la kufanya. Ng'ombe wa baba yake akifiwa na ndama, wanamwekea ngozi ya ndama ili aachie maziwa. Akaniambia kwa farasi itakuwa vile vile. Nikamwambia, lakini huyu mwanawe hajafa."

Nilikuwa naijua hadithi hiyo. Nililazwa nayo utotoni: ng'ombe wa babu wa Singida na ndama wake aliyejazwa majani, jinsi alivyomlamba na maziwa yakamwagika. Nilidhani ni mwanasesere. Ilikuwa hadithi niipendayo. Nimesoma vitabu vingi juu ya ukatili wa watu wa huku kutafuta asili ya ngozi ile.

"Alifanya mwenyewe," Bi Birgitta akasema. "Hakutaka mgeni amshike. Alimvua hatamu kwanza, akaitia mfukoni. Kisha, baadaye, akaniuliza habari ya kazi ya kudumu. Ningempa tu, angeuliza wakati wowote." Akapumua. "Kuna jambo moja limenikaa miaka yote. Nilimpa yule mtoto wa farasi awe wako. Siwezi kugusa mnyama wa mtoto bila mtoto kuulizwa. Nikamwambia baba yako, na binti yako je? Akasema wewe huwapendi farasi. Kwamba unakuja kwa ajili ya biskuti."

Dirishani kwangu treni ilikuwa inaingia kituoni. Nilisubiri ipite, ingawa kelele zake hazifiki ndani.

"Nilikuona ukimvisha ile hatamu," akasema. "Kwa hiyo nimekuwa nikijiuliza. Ilikuwa kweli?"

Hatamu ilikuwa mapajani mwangu, inanukia mafuta mapya.

"Kweli," nikamwambia. "Nilikuwa nafuata biskuti."